Mwaliko wa Chama cha Siri

“Jiunge leo, uwe tajiri kesho.”

Wakatekumeni wapendwa, maneno hayo machache yamekwisha kufika hata Fungurume. Hayaji kwa ngoma wala kwa tarumbeta. Yanakuja kwa simu, usiku zaidi kuliko mchana, nayo yanamkuta kijana aliyetoka shimoni na vumbi la mawe kichwani, ambaye siku ile mnunuzi amemwambia kwamba kobalti yake ni hafifu. Pengine yameandikwa kwa Kifaransa, pengine kwa Kiingereza kibovu, pengine kwa Kiswahili. Jina la chama nalo hubadilika: huku ni Iluminati, huko ni Frimasoni. Lakini ahadi ni zile zile tatu, yaani mali, jina na uwezo. Juu yake pana jicho ndani ya pembetatu, na picha ya dola zilizopangwa kama matofali. Chini yake pana namba ya simu.

Ni vema kuanza na namba hiyo ya simu.

Chama cha siri ni chama kinachojificha. Wazee wa Kiluba, kaskazini ya nchi hii, walikuwa na chama chao kilichoitwa Mbudye. Waliokuwamo walitunza habari za wafalme wa kale, nao walizisoma kwa vidole juu ya lukasa, ubao mdogo uliopambwa kwa shanga. Mtu aliingia kwa ngazi, akafundishwa na kujaribiwa, na mambo ya ndani hakuyatoa nje. Nani aliwahi kusikia kwamba wazee wale walisimama njia panda wakiwaita wapita njia, “Njoni, njoni, nafasi zimebaki chache”? Lakini chama hiki cha simu, ambacho husemwa kuwa kinatawala wafalme wa dunia yote na hakuna aijuaye nyumba yake, kinampigia kelele mchimbaji wa Fungurume asiyekijua, tena kinamwomba ajibu upesi kabla mlango haujafungwa. Siri gani hiyo?

Chukueni sasa mfano wa kijana anayejibu. Kwanza anasifiwa: amechaguliwa kati ya maelfu. Kisha anaambiwa atume jina lake, picha yake, na dola ishirini za karatasi ya kujiandikisha. Anakopa kwa rafiki, anatuma kwa simu. Baada ya siku mbili anaambiwa kwamba amekubaliwa, nazo dola milioni moja zimewekwa tayari kwa jina lake. Imebaki tu kulipia pete, dola hamsini. Baada ya pete kuna joho. Baada ya joho kuna ushuru wa kuzipitisha fedha mpakani. Yule kijana hajiulizi swali ambalo hata mtoto wa darasa la pili angeliuliza: ikiwa wakubwa hao wana milioni yake mkononi, mbona wasikate humo hizo dola ishirini?

Hajiulizi, kwa kuwa macho yake yako kwenye milioni. Tamaa haimfanyi mtu kuwa mjinga katika mambo yote. Humfanya mjinga katika jambo moja tu, lile analolitamani. Kijana huyo huyo, ukimpa gunia la mawe atakuambia kwa kulitazama tu kama mizani ya mnunuzi imemwibia.

Kwa nini basi wezi hao wamejichagulia jina la kutisha? Wangaliweza kujiita chama cha akiba, au msaada wa wakulima. Sababu ipo, nayo ni ya ujanja mkubwa. Mtu aliyeibiwa baiskeli hupiga kelele mtaa mzima; huenda kwa chifu, huenda kwa polisi. Lakini aliyeibiwa kwa njia hii atasema nini? Atasema mbele ya mama yake, “Nilitaka kuingia chama cha Shetani, nao wamenidanganya”? Hasemi. Anaona haya, ananyamaza, analipa deni polepole. Ubaya wa lile jina ndio komeo la mlango wa mwizi. Na mwizi akiona kwamba kijana amechoka kutuma fedha, hugeuza sauti: “Umekwisha kutia sahihi. Usipolipa, damu ya mtu wa nyumbani mwako itatakiwa.” Hapo mambo ya kuchekesha yanakoma. Kijana halali usiku. Mdogo wake akishikwa na homa ya malaria, kama watoto wengi wanavyoshikwa wakati wa mvua, yeye hudhani ndiyo malipo yameanza.

Wapo wanaokaa nje ya kanisa kwa sababu hiyo. Mwenzao huwauliza, “Mbona umeacha mafundisho?” nao hujibu kwamba kazi ni nyingi. Kwa kweli wanafikiri kwamba wamejiuza, na kwamba maji ya Ubatizo hayawezi tena kuwagusa. Juu ya neno hili mafundisho ya Kanisa ni wazi, nayo yafaa kusemwa polepole. Shetani hana daftari katika simu. Jina lililotumwa liko mikononi mwa mwizi, basi. Haliko mahali pengine. Kosa la kijana lipo, wala halifichwi: alitamani mali kwa njia ambayo mwenyewe aliiona kuwa mbaya, na pengine alikuwa tayari kutoa kile asichokuwa na haki ya kukitoa. Hilo ni la kutubiwa, kama wizi unavyotubiwa, kama uongo unavyotubiwa. Mkatekumeni ambaye limempata alieleze kwa mwalimu wake au kwa padri, avunje mazungumzo na watu wale, afute namba yao, asitume hata faranga moja tena. Halafu aendelee na mafundisho pamoja na wenzake. Siku ya Ubatizo kila mmoja ataulizwa mbele ya watu wote kama anamkataa Shetani, na mambo yake yote, na fahari zake zote. Yeye naye atajibu kama wengine, na jibu lake litatosha kama la wengine.

Sasa, je, Iluminati ilikuwako kweli? Ilikuwako. Tarehe 1 Mei 1776, katika mji wa Ingolstadt, nchi ya Bavaria huko Ujerumani, mwalimu mmoja wa chuo kikuu aitwaye Adam Weishaupt alianzisha chama chenye jina hilo pamoja na watu wanne. Alifundisha sheria za Kanisa, naye alichukia uwezo wa mapadri na wa wafalme. Alitaka watu wake waingie kwa siri katika vyeo, wageuze mambo kutoka ndani. Walijipa majina ya watu wa kale. Weishaupt alijiita Spartacus. Na mwaliko wao ulikuwaje? Mtu hakujua hata kama anatazamwa. Akiisha kukubaliwa, hakupewa dhahabu. Alipewa vitabu vya kusoma, na kazi ya kuandika: aeleze tabia yake, makosa yake, rafiki zake, maadui zake. Aliyetumaini mali angalikimbia juma la kwanza. Mtawala wa Bavaria, Karl Theodor, alipiga marufuku vyama vya siri mwaka 1784, na tena mwaka 1785 akakitaja chama hicho kwa jina. Weishaupt alikimbilia Gotha, akaishi huko hata kufa kwake mwaka 1830. Chama kilidumu kama miaka tisa tu. Mihogo michache iliyopandwa siku ile ya Mei ingaliweza kuwa na wajukuu wengi kuliko chama kile.

Lakini jina halikufa. Mwaka 1797 padri mmoja Mfaransa, Augustin Barruel, alianza kutoa vitabu vikubwa vya kudai kwamba mapinduzi ya Ufaransa yalitokana na njama za vyama kama hicho. Alikuwa ameona mapadri wenzake wakiuawa, na mtu mwenye uchungu hutafuta mkono mmoja wa kuulaumu. Baadaye wengine walichukua maneno yake wakayaongezea. Hata mwaka 1975 huko Marekani waandishi wawili, Robert Shea na Robert Anton Wilson, walitoa hadithi ndefu yenye vitabu vitatu, ambamo Iluminati wanashika kila kitu duniani. Iliandikwa kwa kufanya mzaha, kuwacheka wale wanaoona njama kila mahali. Mwaka 1982 ukatolewa mchezo wa karata wenye jina lile lile. Mzaha ulipita bahari, ukasahau kwamba ni mzaha. Leo unabisha hodi Fungurume, ukidai dola ishirini.

Frimasoni ni jambo jingine, kwa kuwa wao wako hata leo, wana nyumba zao katika miji mingi. Nchini Tanzania, alipokufa mwigizaji Steven Kanumba mwezi wa Aprili 2012, watu wengi walinong’ona kwamba chama hicho kina mkono, nayo matangazo ya “jiunge upate utajiri” yakabandikwa kwenye nguzo za umeme mijini. Mkuu wao katika Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi alikuwa Andy Chande, mfanya biashara aliyekulia Bukene karibu na Tabora, aliyefariki mwaka 2017. Yeye mwenyewe alieleza hadharani kwamba chama chake hakimgawii mtu utajiri. Katika neno hilo hakuna sababu ya kumkana. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha kampuni ya kusaga nafaka ya jamaa yake, na chama hakikumrudishia.

Mkristo mkatoliki amekatazwa kujiunga na Wamasoni. Papa Klementi XII alikataza mwaka 1738. Roma ilirudia tarehe 26 Novemba 1983, na tena Novemba 2023. Lakini sababu yake ijulikane vema, kwa maana wengi wanaikosea. Kanisa halikukataza kwa kuwa Wamasoni wanagawa fedha au wanakunywa damu. Lilikataza kwa sababu ya viapo vyao vya siri, na kwa kuwa fundisho lao juu ya Mungu na juu ya ukweli halipatani na imani. Ni ugomvi wa mafundisho, si habari za majini. Anayemkanya ndugu yake kwa kumwambia kwamba Wamasoni wanatoa milioni, hamkanyi, anamtangazia biashara.

Mpaka hapa imesemwa habari ya mtu mmoja aliyedhurika na mwaliko ule, yaani yule aliyeuamini. Yuko mwingine, naye ni wa kuhurumiwa zaidi, kwa kuwa pengine hakuupata kamwe. Ni jirani aliyejenga nyumba ya bati.

Katika nchi ya shaba na kobalti mali huja ghafula. Watu wawili wanachimba hatua kumi wao kwa wao. Mmoja anagusa mkanda wa jiwe jeusi, mwenzake anatoa udongo mwaka mzima. Tena bei haikai mahali pamoja. Mwanzoni mwa mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000 katika masoko ya dunia, kwa kuwa viwanda vya betri viliitafuta kwa bidii. Katikati ya mwaka 2019 ilikuwa imeshuka chini ya dola 30,000. Mwezi wa Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kupeleka kobalti nje, ili bei ipate kupanda. Haya yote yameamuliwa mbali, London na Shanghai na Kinshasa, mahali ambapo mchimbaji haoni. Yeye anaona tu kwamba fulani alinunua gari mwaka ule, na fulani huyo huyo ameliuza mwaka huu. Na katikati alizika mtoto. Basi hesabu inafanywa upesi sana: alimtoa mtoto kwa chama. Wasemao hivyo hawajauliza mtoto alikufa kwa ugonjwa gani. Tena wanasahau kwamba watoto wa maskini nao hufa, tena wengi kuliko wa matajiri, wala hakuna anayeuliza wale walitolewa kwa ajili ya nini.

Hesabu ya namna hiyo si mpya Katanga. Wazee wanajua jina la batumbula, watu waliosemwa zamani za Wabelgiji kwamba hutembea usiku kuwakamata wenzao na kuwapeleka kwa Wazungu ili waliwe. Watu waliogopa kutoka gizani. Na mgeni aliyepita saa mbaya aliweza kupigwa kwa ajili ya jina hilo. Liko na jambo baya zaidi, ambalo si uvumi. Mwaka 1925 mtu aitwaye Tomo Nyirenda, mzaliwa wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, alitokea katika nchi ya Walala, upande wa Zambia. Alikuwa amepokea mafundisho ya Watch Tower, akayageuza kwa namna yake, akajiita Mwana Lesa, maana yake Mwana wa Mungu. Mwaliko wake ulikuwa ubatizo: aje kila mtu azamishwe mtoni, na wachawi watajulikana. Watu walikuja kwa wingi, kwa kuwa walichoka kuogopana. Yule ambaye maji hayakumfunika sawasawa alihesabiwa kuwa mchawi, akashikiliwa chini hata akafa. Kisha Nyirenda alivuka mpaka, akaingia kusini ya Katanga na kuendelea. Waliouawa pande zote mbili walipita mia moja. Wengi walikuwa wazee, na watu ambao majirani hawakuwapenda. Alikamatwa mwaka ule ule, akanyongwa mwaka 1926. Waliokufa hawakuwa na chama chochote. Chama kilikuwa upande wa wale waliosimama ukingoni.

Mkatekumeni anayetaka kucheka jirani mwenye nyumba ya bati na asikie jambo la mwisho. Wakristo wa kwanza wenyewe walisingiziwa kuwa chama cha siri. Walikusanyika kabla ya jua kupanda. Wakatekumeni waliondolewa kabla ya Sadaka kuanza, wala mafumbo hayakuelezwa kwa watu wa nje. Wapagani wakasikia nusu nusu habari za mwili na damu, wakamaliza wenyewe: Wakristo wanachinja mtoto mchanga, wanachovya mkate katika damu yake, kisha mbwa waliofungwa kwenye taa wanaziangusha, na gizani hufanyika machafu ya ndugu na dada. Watu walikufa kwa ajili ya uvumi huo.

Mwafrika mmoja aliujibu. Alikuwa Tertuliani wa Karthago, mji ulio katika Tunisia ya leo, naye aliandika utetezi wake mwaka 197. (Baadaye aliachana na Kanisa, kwa bahati mbaya, hata hivyo kitabu hiki ni chema.) Hakukana tu kwa hasira. Aliuchukua ule uvumi kana kwamba ni kweli, akaufuata mpaka mwisho. Kama chama hicho kipo, alisema kwa maana hiyo, basi anayetaka kuingia lazima aende kwanza kwa mkubwa wa mambo hayo aulize alete nini. Na mkubwa atampa orodha: mtoto mchanga asiyejua kifo, anayecheka akiona kisu, mkate, taa kadhaa, mbwa, na vipande vya nyama vya kuwarushia ili waruke na kuzima taa, na zaidi ya yote asimsahau mama yake na dada yake. Je, ikiwa mgeni hana mama wala dada? Basi itakuwaje kwa Mkristo aliye peke yake? Na je, ikiwa ninyi msioamini mngepewa mwaliko huo leo, pamoja na ahadi ya uzima wa milele, mngeufuata? Kama hamwezi kufanya, mbona mnasadiki kwamba wengine wanaweza? Wale nao ni watu.

Kicheko hicho cha Karthago kinafaa pia Fungurume. Anayesema kwamba jirani alimtoa mtoto wake kwa chama, na aulizwe pole pole, bila ugomvi: Alimpelekea nani? Kwa njia gani? Fedha zilikuja kwa gari, au kwa simu? Walimpa milioni ngapi, na mbona bado anadaiwa saruji dukani? Mara nyingi kabla ya swali la tatu msemaji amekwisha kutazama pembeni.

Kwa mazungumzo ya darasa, mwalimu na awaulize wanafunzi wake hivi. Injili ya Yohane, katika sura ya 18, inasimulia kwamba Kuhani Mkuu alimwuliza Yesu juu ya mafundisho yake: Yesu alijibu alifundisha wapi, na nani waliomsikia? Ikiwa rafiki anakuonyesha simu yenye jicho ndani ya pembetatu, naye amekwisha kutuma dola ishirini, utamwambia neno gani la kwanza, ili asikufiche yatakayofuata? Na yule mtu wa mtaani kwako ambaye watoto wamekatazwa kula kwake: ni nani aliyeanza kusema, na alikuwa ameona nini?